Mkono wa breki uliolegea usifungwe kwa mpira wa tyubu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunalipuuza kwa sababu halionekani kuwa kubwa, nalo ni mkono wa breki wa baiskeli uliolegea. Nazungumzia baiskeli za gia zenye matairi mapana, zile ambazo vijana huziita mauntini, ambazo siku hizi huwabeba wanafunzi kwenda shule, wakulima kwenda mashambani na wachuuzi wa samaki kutoka ufukweni kwenda vijiji vya bara. Mimi ni mwalimu mstaafu wa masomo ya ufundi, ninaishi Newala, na uwanja wa nyumba yangu haukosi baiskeli ya jirani au ya mwanafunzi iliyoletwa iangaliwe. Katika baiskeli hizo, ubovu unaonitia hofu kuliko mwingine wowote si pancha wala cheni iliyokatika, kwa maana hizo humsimamisha mtu papo hapo. Kinachonitia hofu ni mkono wa breki unaochezacheza, kwa sababu huo humruhusu mtu aendelee na safari mpaka afike mahali ambapo kusimama ni lazima.

Hoja yangu ni kwamba mkono wa breki uliolegea unatengenezeka, tena kwa kifaa kidogo na kwa muda mfupi, lakini hautengenezeki mpaka mtu ajue kwanza ni kitu gani hasa kilicholegea. Kuufungia mpira wa tyubu bila kujua hilo ni kuuficha ubovu mahali ambapo hata mwenye baiskeli hataweza kuuona ukizidi.

Wasomaji wa nyanda tambarare wanaweza kudhani natia chumvi, lakini anayeijua nchi yetu atanielewa. Uwanda wa Makonde hupanda polepole kutoka pwani kuelekea magharibi hadi kukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha hukatika ghafla, na aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu hapa Newala akatazama bonde la Ruvuma lililo chini anajua ninasema nini. Njia zinazoshuka kutoka huku juu ni za mchanga na changarawe, zina mifereji iliyochimbwa na mvua, na kwenye kona zake hukutana mbuzi, pikipiki, akina mama wenye madumu ya maji na watoto wanaotoka shule. Tuchukue mfano wa mtu mwenye kilo 60 aliyepanda baiskeli ya kilo 15 na kufunga mzigo wa kilo 45 nyuma. Kila anapoteremka mita 100 za kimo, uzito huo wa kilo 120 hutoa nishati ya karibu jouli 118,000, na kama anataka kuteremka taratibu, karibu yote lazima imezwe na breki na kugeuzwa joto. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya theluthi moja ya lita ya maji. Akiacha mwendo uongezeke kutoka kilomita 10 hadi 20 kwa saa, nishati ambayo breki lazima iimeze ili kumsimamisha haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Na katika mwendo huo wa kilomita 20 kwa saa, baiskeli hupita zaidi ya mita tano kila sekunde, kwa hiyo nusu sekunde inayopotea wakati mkono wa breki unazunguka kwenye usukani badala ya kuvuta waya ni karibu mita tatu za barabara.

Baiskeli za aina hii zenyewe zilizaliwa kwenye miteremko. Vijana wa kaunti ya Marin, katika jimbo la California nchini Marekani, walianza mwaka 1976 kushindana kuteremka njia ya mlimani wakitumia baiskeli nzito za zamani zilizokuwa na breki ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, na mteremko mmoja tu ulitosha kuunguza grisi ya habu ikatoka moshi, ikabidi ipakwe mpya kabla ya kurudia. Baadhi yao wakaanza kufunga breki za ngoma na mikono mirefu ya breki za pikipiki, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vinashindwa kuvuta kwa nguvu iliyotakiwa. Hata kwa hao waliokuwa wakiteremka kwa burudani, breki ndiyo iliyoanza kufikiriwa.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kushika spana, simamisha baiskeli, ushike mkono wa breki kwa vidole viwili na uutikise polepole, juu na chini, kisha mbele na nyuma, huku jicho lako likiwa pale kibano, yaani pete inayoushikilia mkono wa breki, kinaposhika bomba la usukani. Usitazame ncha ya mkono, maana ncha hucheza kwa kila aina ya ubovu na haikwambii lolote. Kama kibano chenyewe kinazunguka au kinateleza kwenye bomba, ubovu uko kwenye kibano. Kama kibano kimetulia lakini mkono unayumba pale unapoegemea kwenye pini yake, ubovu uko kwenye pini. Na kama vyote viwili vimetulia, ila ukiuvuta mkono unakuja mpaka unagusa usukani bila upinzani wa maana, basi mkono haukulegea hata kidogo, na kuukaza hakutakusaidia, kwa sababu ubovu uko kwenye waya au kwenye raba za breki huko chini. Watu wengi huniambia “Mwalimu, breki imelegea” kwa mambo yote matatu, na fundi aliyebanwa na kazi hukaza bolti ya kwanza anayoiona.

Ubovu wa kibano ndio ulio mwingi zaidi, na ndio ninaotaka kuueleza kwa kirefu. Bomba la usukani wa baiskeli hizi, pale mkono wa breki unapofungwa, huwa na kipenyo cha milimita 22.2, na kibano ni pete ya alumini iliyopasuliwa upande mmoja, inayobanwa na bolti moja. Bolti hiyo kwa kawaida hufunguliwa kwa alenki, ile spana ya kijiti kilichopinda chenye pembe sita, namba 4 au namba 5, na mara nyingi kichwa chake kimejificha chini ya mkono, kiasi kwamba lazima uvute mkono ndipo ukione. Legeza bolti kwanza, usikimbilie kukaza. Sogeza kibano pembeni, ufute bomba kwa kitambaa kikavu mpaka mafuta na vumbi vyote vitoke, kwa sababu bomba lenye mafuta haliwezi kushikwa vizuri hata ukikaza namna gani. Nasema hivi kwa kuwa tuna desturi ya kumwaga mafuta kila mahali tukidhani tunaitunza baiskeli, na nimeona hata rimu zikipakwa mafuta, jambo ambalo ni kuiua breki kwa mkono wako mwenyewe.

Kisha kaa juu ya baiskeli kama unayeendesha, nyoosha vidole juu ya mkono wa breki, na ukizungushe kibano mpaka mkono uinamie chini na mbele kiasi cha kiganja na kigasha chako kuwa katika mstari mmoja, bila kifundo kukunjika. Mkono uliosimama juu sana huumiza kifundo na kuchelewesha vidole, nao uliolala chini sana humlazimisha mtu kuinua kiganja kutoka kwenye usukani ndipo aushike. Angalia pia umbali kutoka kwenye mpira wa kushikia: vidole vinatakiwa kufika sehemu ya nje ya mkono, karibu na ncha, kwa sababu huko ndiko nguvu yako inakoongezeka. Wapo watoto wadogo wanaoendesha baiskeli za baba zao na vidole havifiki. Mikono mingi ina skrubu ndogo karibu na pini ya kuusogeza mkono karibu na usukani, na ni watu wachache wanaojua kwamba ipo.

Ukisharidhika na mkao, kaza bolti kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukijaribu kuuzungusha mkono kwa kiganja kila baada ya hatua. Watengenezaji wengi hutaja kipimo cha nguvu ya kukaza kati ya nyutoni mita 5 na 8, na wengine huandika karibu na bolti yenyewe. Asiye na spana ya kupimia atumie alenki fupi ya kawaida, aishike kwa vidole na si kwa ngumi, na asiongeze bomba refu kwenye mpini wake kamwe. Mkono unatakiwa ushike kwa uthabiti kiasi kwamba hausogei unapovuta breki kwa nguvu zako zote, lakini bado uweze kuzunguka baiskeli ikianguka kwa kishindo, kwa sababu mkono usioweza kuzunguka kabisa hukatika ukipiga ardhi. Aliyeanguka katikati ya msitu wa Rondo na mkono uliogeuka ataurudisha mahali pake na kuendelea na safari, wakati mwenye mkono uliokatika atasukuma baiskeli mpaka nyumbani.

Katika hatua hii ya kukaza, tazama ule mwanya wa kibano. Mwezi uliopita alikuja kwangu mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetoka kijiji kilicho chini ya uwanda, akiwa na baiskeli ambayo mkono wake wa breki wa kulia ulikuwa umeviringishwa mpira wa tyubu unene wa gumba. Baada ya kuamkiana nikamwuliza, “Mwanangu, huu mpira nani alikufungia?” Akajibu, “Fundi wa kule kijiweni, Mwalimu, alisema bolti imeshakazwa hadi mwisho na haishiki.” Nikaufungua ule mpira mzunguko kwa mzunguko. Ndani yake kulikuwa na unyevu, bolti imeota kutu nyekundu, kichwa chake kimeviringika kwa kung'ang'aniwa na plaizi, na midomo miwili ya kibano ilikuwa imekutana kabisa, chuma kwa chuma, hakuna hata nafasi ya kupitisha wembe, na bado kibano kilikuwa kikizunguka kwenye bomba.

Yule fundi alisema kweli: bolti ilikuwa imefika mwisho. Lakini midomo ya kibano ikishakutana, kukaza zaidi hakubani tena bomba, bali kunavuta meno ya bolti mpaka yafe. Mkono ule ulikuwa umetoka kwenye baiskeli nyingine, na pete yake ilikuwa pana kuliko bomba lililopo. Dawa yake haikuwa nguvu, wala haikuwa mpira. Tulikata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la soda, tukakipima kiwe na upana wa kibano, tukasaga kingo zake kwa tupa ili zisikate vidole, tukakizungusha kwenye bomba na kurudisha kibano juu yake. Bati la kopo lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo kila mzunguko mmoja huongeza karibu sehemu mbili za kumi kwenye kipenyo. Mizunguko miwili ilitosha. Tukaweka bolti mpya yenye grisi kidogo kwenye meno, na ilipokazwa, midomo ya kibano ilibaki na mwanya unaoonekana kwa macho, ambao ndio ushahidi kwamba kinachobanwa ni bomba. Kama mizunguko mitatu ya bati haitoshi, mkono huo si wa usukani huo, na ni bora kutafuta mwingine.

Mpira hauwezi kufanya kazi ya bati kwa sababu mpira hubonyea. Unapovuta breki kwa nguvu, kibano kilichokalia mpira hujipinda kidogo kabla waya haujaanza kuvutwa, halafu ukiachia kinarudi, na kila siku mpira huo huchakaa na kulegea zaidi. Isitoshe, hushika jasho na maji. Kwa wenzetu wa Mikindani, Lindi mjini, Kilwa na vijiji vyote vya pwani, hilo ni baya mara mbili, maana hewa yenyewe ina chumvi, na bolti ya chuma iliyokaa ndani ya alumini penye unyevu wa chumvi huozesha alumini iliyoizunguka mpaka vinashikana visifunguke tena. Anayeendesha karibu na bahari aisuuze baiskeli yake kwa maji yasiyo na chumvi, aikaushe, na mara moja kwa msimu aifungue bolti ya kibano, aifute na kuipaka grisi kwenye meno tu.

Itokeapo kwamba meno ya ndani ya kibano yameshakufa, bado mkono haujafa. Bolti inayofunguliwa kwa alenki namba 4 kwa kawaida ina unene wa milimita 5, na fundi mwenye drili na kifaa cha kuchongea meno anaweza kupanua tundu na kuchonga meno ya bolti ya milimita 6, ikiwa nyama ya alumini iliyobaki inatosha. Mahali pasipo na kifaa hicho, bolti ndefu inayopita moja kwa moja na kufungwa kwa nati yenye washa upande wa pili hufanya kazi kwa heshima kabisa.

Kuhusu pini nitasema machache. Mikono mingi huegemea kwenye bolti ndogo yenye nati, na kuyumba kwake huondoka kwa kuikaza bolti taratibu mpaka mchezo uishe, kisha kuifunga kwa nati huku ukihakikisha kwamba mkono bado unarudi wenyewe ukiachiwa. Ndani yake huwa kuna bushi ya plastiki, na ikishalika, kukaza hakusaidii mpaka ibadilishwe. Mikono ya bei ya chini haina bolti bali pini iliyopigwa nyundo pande zote mbili. Hiyo ikichakaa haikazwi, hununuliwa mpya.

Kwa upande wa waya, kirekebisho cha kwanza ni ile skrubu ya duara pale waya unapoingia kwenye mkono, inayozungushwa kwa vidole. Ukiizungusha kuitoa nje, waya hukazika na raba husogea karibu na rimu. Zibaki milimita moja au mbili tu kutoka kwenye rimu, kisha pete yake ya kufungia ikazwe. Skrubu hiyo na pete yake huwa na mfereji mwembamba wa kupitishia waya wakati wa kufunga. Mifereji hiyo ikiachwa imelingana na mfereji wa kwenye mkono wenyewe, waya unaweza kuchomoka wote baiskeli ikiruka kwenye shimo, kwa hiyo baada ya kurekebisha hakikisha mifereji haitazamani. Vuta pia mkono mpaka mwisho na uchungulie ndani, pale kichwa cha waya kinapokaa, kwa sababu waya huanza kukatika hapo, uzi mmoja baada ya mwingine, na mkono hulegea kidogo kidogo siku kadhaa kabla ya kukatika kabisa. Ukiona hata nyuzi chache zimekatika, badilisha waya wote. Wala usikubali kuwekewa waya wa gia, kwa kuwa huo ni mwembamba, wala kava la gia, yaani mrija unaopitisha waya, kwa sababu nyuzi zake za chuma zimelala kwa urefu na zinaweza kupasua kava chini ya mvuto mkubwa wa breki, wakati kava la breki lina chuma kilichoviringishwa ili kuuhimili.

Lipo pia jambo la mikono isiyooana na breki. Breki zenye vyuma viwili virefu vinavyobana rimu kutoka pande zote mbili, zinazoonekana kwenye baiskeli nyingi za gia tangu miaka ya 1990, huhitaji mkono unaovuta waya mwingi kuliko ule wa breki za zamani. Ukifungiwa mkono wa zamani, utafika kwenye usukani kabla raba hazijabana sawasawa, na mtu atahangaika kukaza kila bolti iliyopo bila kuona tofauti.

Baiskeli za mtumba zinatujia kutoka nchi mbalimbali, na nchi hizo hazifanani katika kufunga breki. Zile za Uingereza na Japani kwa kawaida huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Zile za bara la Ulaya na Marekani huwa nayo kwenye mkono wa kushoto. Kijana aliyezoea baiskeli ya kaka yake akipanda nyingine anaweza kukamata breki ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, tena kwenye mchanga. Breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha, kwa sababu uzito huhamia mbele unapofunga breki, lakini ndiyo pia inayomrusha mtu juu ya usukani akiivuta ghafla. Kila anayeshika baiskeli ngeni auvute mkono mmoja na aisukume mbele kwa mguu, aone ni gurudumu lipi limekataa kuzunguka. Hiyo hiyo ndiyo njia ya kujaribu kazi ya fundi kabla ya kumlipa: bana mkono kwa nguvu zote kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, isukume baiskeli, na uhakikishe kwamba mkono haujasogea mahali pake na kwamba umeacha nafasi isiyopungua unene wa vidole viwili kutoka kwenye mpira wa kushikia.

Zimeanza kuonekana pia baiskeli zenye breki za mafuta na diski. Kibano chake hukazwa kwa namna ile ile niliyoieleza, lakini mkono wake ukiwa laini na kuzama, hiyo ni hewa iliyoingia kwenye mfumo au mafuta yaliyovuja, na apelekewe fundi anayeijua kazi hiyo. Baadhi hutumia mafuta ya madini na nyingine hutumia mafuta ya breki za gari, na hayo mawili hayachanganywi, kwa sababu yasiyofaa huharibu raba za ndani. Gurudumu likiwa limetolewa, mkono usivutwe.

Ndugu Mhariri, wanaouza baiskeli za mtumba katika masoko yetu huzisafisha, huzipaka rangi na kujaza upepo, lakini sijaona wengi wanaomwambia mteja aubane mkono wa breki mbele yao. Naomba wafanye hivyo, na naomba wateja wakatae kuondoka na baiskeli ambayo mkono wake unazunguka. Walimu wenzangu walioko kazini wanaweza kutenga asubuhi moja mwanzoni mwa kila muhula ili wanafunzi wanaokuja kwa baiskeli wakaguliwe breki pale kwenye maegesho, kazi ambayo mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kufundishwa akaifanya vizuri. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mtwara na Lindi vingefanya jambo la maana kama vingefungua milango yake kwa mafundi baiskeli wa vijiweni kwa kozi ya siku chache, kwa sababu mafundi hawa wana mikono mizuri na akili ya kazi. Wengi wao wamekosa tu alenki mbili, tupa nzuri na mtu wa kuwaonyesha kwa nini mwanya wa kibano usifungwe. Nao askari wetu wa usalama barabarani, ambao katika Wiki ya Nenda kwa Usalama hukagua magari na kubandika stika, wangeweza kuisimamisha baiskeli nayo na kuuvuta mkono wake wa breki. Barabara zetu sasa zina malori ya saruji na ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini Mtwara, na mwendesha baiskeli anayeshindwa kusimama anakutana na chombo ambacho nacho hakiwezi kusimama ghafla.

Wazazi nao nawaomba wanunue alenki namba 4 na namba 5 na kuzitundika mahali panapoonekana nyumbani, kisha wamfundishe mtoto mwenye baiskeli, awe wa kike au wa kiume, kukaza kibano mwenyewe. Wako wasichana waliojifunza kazi hii uwanjani kwangu ambao sasa ndugu zao wa kiume huwaletea baiskeli.

Nitashukuru barua hii ikitoka kabla ya mwezi wa Oktoba. Kuanzia hapo korosho huanza kushuka kutoka mashambani kwenda maghalani, magunia yatafungwa nyuma ya baiskeli hizi hizi, na mtu aliyekuwa akibeba daftari na chupa ya maji ataanza kubeba mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe kwa breki ile ile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa ufundi,
Newala, Mtwara